Sala ya Je Fus

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya benki pale Embu mjini, nimejisimamia zangu, mama mzima mwenye watoto na magoti yanayolalamika, mara mwanamke mmoja akanipita na manukato yake. Yalikuwa yale yale. Maua yaliyochanganywa na kitu kama peremende, harufu inayofika kabla ya mwenyewe na kubaki akishaondoka. Nikashtukia nimekunja ngumi ndani ya mfuko wa sweta. Mwanamke mwenyewe nilikuwa simjui hata kidogo, lakini haki ya Mungu, angenikanyaga mguu siku hiyo tungeitiwa askari.

Manukato hayo alikuwa akijipaka mwalimu wetu wa Kifaransa. Jina lake sitalitaja, kwa sababu bado yuko hai na ana wajukuu, na wajukuu hawajanikosea. Sisi tulimwita Madam. Wachungaji wanatuambia kila Jumapili samehe, samehe, na mimi naitikia kama wengine. Lakini nyinyi wa rika langu, mliobeba sanduku la bati kichwani mkaingia bweni mkiitwa mono, wageni wa kidato cha kwanza, mnajua kuna watu ambao ukisikia harufu yao tu, moyo unarudi darasani na kusimama kando ya dawati.

Mimi ni wa Gachoka, kule Mbeere, kwenye jua, ndengu, mbuzi na asali. Nilipoitwa shule ya bweni ya wasichana kule juu Meru nililia kwa baridi muhula mzima. Ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani ya darasa, nguo hazikauki, na asubuhi maji ya kunawa yanauma vidole. Kifaransa nilikichagua kwa sababu ya upuuzi tu: siku ya kuchagua masomo, wale wa Kilimo walipelekwa kuangalia nguruwe wa shule, na mimi nilikuwa nimechunga mifugo ya kutosha. Basi nikakaa pale pale nilipokuwa. Mlango ukafunguliwa, manukato yakaingia, kisha Madam.

Alikuwa anajua kazi yake, hilo simnyimi. Na kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa wakati mmoja wa vitenzi unaoitwa passé simple. Mwalimu mwenzake aliwahi kumwambia mlangoni, sisi tukisikia, kwamba hauhitajiki hata kwenye mtihani wetu. Alijibu kwamba yeye hafundishi mtihani. Akatugeukia, akaandika ubaoni kwa mwandiko wake wa kulala: je fus, tu fus, il fut. Nous fûmes, vous fûtes, ils furent. Ni nilikuwa, ulikuwa, alikuwa, lakini kwa namna ya wakubwa. Akatueleza kwamba wakati huu haupatikani sokoni wala nyumbani, Mfaransa hamwambii mkewe maneno hayo. Unapatikana katika vitabu vikubwa na katika Biblia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo akili yangu ya kitoto ilipokata kona. Kwetu nyumbani tulisema Kimbeere. Lakini Biblia ya kanisa letu ilikuwa ya Kikuyu, nyimbo za Kikuyu, na maombi marefu ya wazee yalikuwa ya Kikuyu pia, hata kwa mzee ambaye hangeweza kununua mbuzi kwa lugha hiyo. Mgeni akija kuhubiri, anahubiri kwa Kiswahili. Tangu nijijue sikuwahi kumsikia mtu akimwomba Mungu kanisani kwa maneno ambayo mama alitumia kunituma kuni. Kwa hiyo nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba Mungu ana lugha yake ya pembeni isiyochezewa barabarani. Madam aliposema kuna Kifaransa ambacho watu hawakisemi ila kiko kwenye Biblia, nilielewa mara moja. Nikajifunza hicho kwanza, na kwa bidii.

Shule zikafungwa. Jumapili ya kwanza ya likizo, kwetu wanafunzi husimama mbele ya kanisa, kila mmoja anataja shule yake na kusalimia watu wa Mungu. Mama alikuwa kwenye benchi la mbele, mahali pake, kitambaa cha kijani kichwani. Alikuwa ameshamwambia mchungaji. Ilipofika zamu yangu, mchungaji akasema huyu wetu anasoma Kifaransa, leo atatuombea kwa Kifaransa ili na sisi tusikie vile mataifa yanamsifu Bwana.

Sikusita. Nikainua mikono, nikafumba macho, nikaanza taratibu kama nilivyoona wazee wakifanya. Je fus. Nikapumua. Tu fus. Nikapumua. Il fut. Mtu mmoja nyuma akasema Amina. Nilipofika nous fûmes, sauti yenyewe ikashuka ikawa ya unyenyekevu, na kanisa zima likaitikia. Nikawapa na kitenzi cha kuwa na kitu, j'eus, tu eus, il eut, nikamalizia na cha kuja. Nyanya mmoja alinishika mkono mlangoni akaniambia yale maombi yamemwingia mpaka kwenye mifupa. Na mimi nilikuwa nimeomba kweli, jamani. Moyoni nilikuwa nimemtaja mama, kifua cha baba kilichokuwa kinamsumbua, na mvua.

Likizo hiyo mama alitembea barabarani kama mtu aliyenunua shamba. Jirani mmoja alikuja jioni na shida ya ng'ombe aliyekatika maziwa, akaomba mtoto wa Kifaransa aje aseme neno moja. Nikaenda, nikaweka mkono kwenye mgongo wa ng'ombe, nikamsomea vînmes na vîntes. Wiki hiyo hiyo maziwa yakarudi. Nyinyi semeni mtakavyo.

Tulipofungua shule, msichana mwenzangu wa kwetu, aliyekuwa kanisani siku ile, akasimulia bwenini. Hakuwa na ubaya, lakini hadithi tamu haikai mdomoni. Siku ya tatu ikamfikia Madam. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Kisha akaniita mbele, akaniambia niinue mikono, nifumbe macho, niombe vile nilivyoomba Gachoka. Darasa likaangua kicheko. Nilipomaliza akasema kuanzia leo somo lake litafunguliwa kwa sala hiyo, na kila mstari lazima wote waitikie Amina, na asiyeitikia atapiga magoti. Akanibandika jina la Sista.

Muhula wote ukawa hivyo. Manukato yanaingia, Madam anasema, "Sista, tuombee," na mimi nasimama. Wasichana mwanzoni walikuwa wanacheka. Baadaye wakachoka kucheka, wakawa wanaitikia tu wakitoa vitabu, kama ng'ombe anayejua njia ya zizi. Hata mimi niliizoea. Nawaambia ukweli, kama ingeishia hapo ningekuwa nimeshamsamehe kitambo. Shule ni shule, kila mtu alibandikwa jina.

Ila ikaja siku ya wazazi. Mama alitoka Gachoka giza likiwa bado, akabadilisha magari, akafika na ndengu, na kuku aliyechomwa, na chupa ya asali ya kwetu iliyofungwa vizuri kwa gazeti. Nilidhani asali ni yangu. Akasema hapana, ni ya yule mwalimu wako. Nikamwambia mama twende tukale kwanza. Nikamwambia Madam ana kazi nyingi. Nilimvuta hata nguo. Lakini mama alikuwa amepanga maneno yake tangu kwenye gari, na mama akipanga maneno huwezi kumpangua.

Madam alikuwa amesimama kwenye kivuli cha darasa na wazazi wengine, wale wa mjini, wenye viatu vya kuchonga. Mama akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mimi nimekuja kukushukuru," akasema. "Hii mtoto umeifundisha kuomba. Kanisa yetu yote imebarikiwa."

Madam akamwangalia. Halafu akaniangalia mimi. Niliuona ule utani ukimpanda usoni, na nilimwomba kwa macho, nilimwomba kuliko nilivyowahi kumwomba Mungu kwa lugha yoyote. Akawageukia wale wazazi wengine akawaambia wasogee wasikie. Akawasimulia yote. Akamgeukia mama na kumweleza polepole, kama anayeeleza mtoto wa chekechea, kwamba sala yenyewe ilikuwa ni nilikuwa, ulikuwa, alikuwa, na kwamba kanisa zima lilikuwa likisema Amina kwa zoezi la darasani. Wazazi wakacheka. Mmoja alijishika ubavu. Madam akawaita wasichana wa darasa letu waliokuwa karibu, akaniamuru niinue mikono, na nikaomba pale nje mbele ya mama yangu, na wenzangu wakaitikia Amina, Amina, kwa mazoea.

Mama alikuwa anatabasamu. Mnalijua lile tabasamu la mtu ambaye hajui aiweke wapi mikono yake? Alisubiri tukamaliza. Akasema, "Ni sawa, mwalimu. Sisi hatujui." Na akampa ile asali. Akampa! Madam akaipokea, akamkabidhi mtu mwingine ashike, akaendelea na hadithi.

Chakula kile hatukukimaliza. Nilipomsindikiza mama langoni aliniuliza kama nilikuwa najua. Nikamwambia nilidhani Mungu anaijua lugha hiyo. Akanitoa uzi kwenye kola ya sweta, akaniambia nisiwaambie watu wa kanisa. Likizo iliyofuata nilimkuta mama ameacha benchi lake la mbele. Alikuwa anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na ibada ikiisha anakuwa wa kwanza kutoka. Hakuna aliyemfukuza pale mbele. Watu wa Gachoka hawakuwa wamejua chochote. Alijiondoa mwenyewe, na kila nilipogeuka nikamwona kule nyuma na kile kitambaa chake, nilimchukia Madam upya. Nilimchukia kwa raha. Usiku nilikuwa nampangia mambo: aanguke kwenye matope ya bwalo akiwa na ile nguo yake nyeupe, apotelewe na sauti, aote chunusi kwenye ulimi.

Mungu akanipa kitu kizuri zaidi. Ulifika wakati wa tamasha la maigizo, na Madam akatunga shairi la kughani kwa Kifaransa, la miti na mvua na asante kwa serikali. Miaka yote alikuwa akipeleka shule na kuishia hapo kwenye ngazi ya wilaya, na mwaka huo alikuwa amekula kiapo kuondoka na kombe. Na nani awe kiongozi wa kughani? Nani mwenye sauti iliyofika mpaka nyuma ya darasa bila kutetemeka, baada ya muhula mzima wa kusimama na kuomba? Alinichagua mimi. Kwake ule ulikuwa mchezo uliokwisha, na nafikiri alikuwa amemsahau hata mama. Mtenda, wanasema, husahau; mtendwa hasahau. Nikasema ndiyo Madam, asante Madam.

Nikalijifunza shairi lake neno kwa neno, mchana. Jioni wakati wa masomo ya ziada nikajifunza langu. Nilikwenda maktaba nikatafuta vitenzi nilivyovihitaji, nikavinyoosha kwa ule wakati wake wa wakubwa, kimoja kimoja, mpaka vikatoka bila kukwama. Sikumwambia mtu. Nilichotaka kilikuwa rahisi: nimharibie. Mkuu wa shule awe ameketi mbele, majaji wapo, na mimi nimmwagie mchanga kwenye kitumbua mbele ya watu wote kama alivyomfanyia mama. Nikamwomba matroni simu nikampigia mama. Alikataa, akasema hayo mambo ya Kifaransa ameyaachia wenyewe. Nikamwambia mama, nakuomba, kuja tu. Akaja.

Tamasha lilikuwa kwenye ukumbi fulani karibu na uwanja wa Kinoru, umejaa mpaka madirishani. Madam alikuwa amevaa nguo mpya ya kung'aa, na manukato yake siku hiyo ungeyakata kwa kisu. Tukapanga mistari. Nikaenda mbele. Nilimwona mama pembeni, karibu na mlango, mahali alipozoea sasa. Nikainua mikono yote miwili nikafumba macho.

"Je fus," nikasema.

Nyuma yangu kimya. Walikuwa wanasubiri miti na mvua. Nikasema tu fus, polepole, vile vile kama kila siku, na sauti moja ikaponyoka: Amina. Niliposema il fut waliitikia wote. Hawakuweza kujizuia, walikuwa wamefundishwa, na aliyewafundisha alikuwa ameketi mstari wa kwanza. Nikafungua macho nikamtazama yeye.

"Ma mère vint," nikasema. Mama yangu alikuja. Amina. Nikasema alileta asali. Amina. Madame rit. Madam alicheka. Amina, wakasema, lakini sasa walikuwa wanasikia wanachokiitikia, na sauti ikaanza kupasuka. Nikasema wazazi walicheka. Nikasema na wasichana walicheka, les filles rirent, na Amina ya hapo ilitoka chini sana, msichana mmoja alikuwa analia. Nikasema mama yangu hakulia. Hakuna aliyeitikia. Nikasema mimi nililia. Nikashusha mikono.

Madam alikuwa amekauka. Rangi ilikuwa imemtoka, na mkuu wa shule alikuwa anamwinamia kumuuliza kitu. Nikajisikia vizuri, vizuri kabisa, kama mtu aliyetolewa mwiba. Nikashuka jukwaani nikingoja kufukuzwa shule.

Kumbe! Majaji walidhani ndilo shairi lenyewe. Jaji mkuu, mzee mmoja aliyekuwa amefundisha Kifaransa maisha yake yote, alisimama akasema kwamba amefundisha wakati ule wa vitenzi mpaka akazeeka, na leo ndiyo mara ya kwanza kuusikia ukimliza. Akasifu ile sala. Akasifu zile Amina jinsi zilivyokuwa zikishuka. Akatupa nafasi ya kwanza.

Damu ilinichemka. Madam alikuwa ameruka kitini kwa furaha, rangi yote imerudi, ananikumbatia, manukato yananiziba pua, ananiita msichana wangu, msichana wangu, mbele ya mkuu wa shule. Yaani nimemchimbia shimo na yeye ametoka humo na kombe. Jaji akatangaza kwamba kombe hupokewa na mtunzi, na kwamba angependa sana kumwona mtunzi wa shairi hili. Madam akanyoosha nguo yake kiunoni. Akakanyaga ngazi ya kwanza. Lakini mimi nilikuwa karibu na kipaza sauti kuliko yeye.

"Mtunzi ni mama yangu," nikasema. "Ametoka Gachoka. Ni yule pale mlangoni, mwenye kitambaa cha kijani."

Ukumbi mzima ukageuka. Madam alibaki pale kwenye ngazi, mguu mmoja juu mmoja chini, mdomo wazi. Nilimtazama nikimsubiri aseme. Aseme ni lake. Jaji angemuuliza huyo mama wa kwenye shairi ni nani, na Madam aliyecheka ni yupi, na asali ilikwenda wapi. Akaufunga mdomo. Akarudi chini, ngazi ile ile moja.

Wanawake waliokuwa karibu na mlango walikuwa wameshamsukuma mama mbele huku wakipiga vigelegele. Alikuja akivuta leso yake, hajui anaitiwa nini, ananitafuta kwa macho. Jaji akamshika mkono, akainama kidogo, na kwa heshima zake zote akamsemesha kwa Kifaransa, maneno marefu, laini. Hilo sikuwa nimelifikiria. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kanisani:

"Amina."

Watu walisimama. Walicheka pia, lakini kicheko kile kilikuwa cha kumbeba mtu juu. Jaji mwenyewe alikuwa anapiga makofi na karatasi zake zimeanguka. Mama akalipokea kombe akalikumbatia kifuani kama mtoto wa mtu.

Ikaitishwa picha. Na mama yangu, kwa kuwa Mungu alimuumba bila nyongo, akamwona Madam amesimama peke yake akamwita. "Mwalimu, kuja wewe pia. Hii kazi ni ya wote." Madam akaja. Akajipanga upande wangu, akaweka tabasamu tayari. Mpiga picha alipoinua kamera, nilisogea hatua moja mbele.

Picha hiyo iko ukutani kwa mama, Gachoka, kwenye fremu. Mama na kombe, mimi kando yake, na nyuma yangu kipande cha mkono wa nguo ya kung'aa. Mgeni akiuliza ni mkono wa nani, mama husema ni wa mwalimu, bahati mbaya tu, mtoto alimziba. Huwa namwacha aseme hivyo. Haikuwa bahati mbaya, na ningepigwa picha hiyo leo, ningesogea hatua mbili.